Ioni Iliyonyimwa Maji

Dada Rehema,

Pokea salamu za Lubumbashi, mvua na udongo mwekundu hadi magotini. Bukari, ugali wao, nimeuzoea. Mama Ngoie, mwenye nyumba wangu, ndiye bado.

Jana mezani aliniuliza kazi yangu. Nikamweleza kwamba ndani ya bomba kavu la gesi, ioni ya florini, chembe yenye chaji ya umeme, huivamia molekuli ya klorometani kwa nyuma, na klorini iliyokuwamo hufurushwa kwa mbele. Mama akarudisha tonge sahanini.

"Anaingia mu nyumba ya bantu, anafukuza mwenye nyumba! Mulimupatia mayi ya kunawa?"

"Hapana, mama. Maji hayatakiwi kabisa."

"Njo maana iko na fujo!"

Leo asubuhi akanifuata maabara na birika na beseni. Profesa wangu, kwa heshima, akanyoosha mikono akanawishwa. Kisha, kabla hatujamzuia, Mama akadondosha matone mawili kwenye mdomo wa mrija wa gesi. Tukapima. Molekuli za maji zilikuwa zimeizingira ioni, na mmenyuko, yaani ule uvamizi, umekaribia kukoma.

"Munaona? Balimupatia mayi, anatulia."

Tutakausha mashine wiki nzima. Linaloniuma, dada, ni kwamba yuko sahihi.

Nimekukumbuka sana. Siku nikirudi, nipokee na maji kwanza, habari baadaye. Nisije nikaingia mkavu kwa mlango wa uani, shemeji akajikuta barabarani.

Mdogo wako,
Idi