Chupa ya Punje za Tarehe Sita

Jumatano, 6 Machi
Leo tumevua kofia! Kofia ndilo jina letu la kile kipande tunachoipachika dawa ili sehemu yake dhaifu isiharibike njiani. Miezi minane ya kupika, gramu kumi na mbili, hatua ya mwisho. Nimetumia punje za asidi badala ya asidi ya maji — unatia, unakoroga, unachuja: punje zinabaki juu, dawa inapita na majimaji, basi. Nimekoroga mwenyewe. Kuchuja nimemwachia Mzee Chupa, fundi wetu wa maabara. Huyu hata ukimwachia jino lililong'oka atalibandikia lebo na tarehe.

Alhamisi, 7 Machi
Tupu! Nimekausha majimaji aliyoyachuja — hakuna kitu.

Mzee Chupa anaapa hakumwaga hata tone. "Binti yangu, nimechuja kama siku zote." Nikamkatiza mbele ya watu. Nikamwambia uzee umemwingia mikononi.

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu wa maabara alitaka maelezo kwa maandishi. Nimeandika: uzembe wa fundi. Maneno matatu, nikatia sahihi.

Mchana Mzee kaachishwa kazi. Wakati anakabidhi funguo kaniambia kabati la chini liko sawa, kila kitu kina lebo. Sikumtazama usoni.

Jumanne, 26 Machi
Nilikuwa natafuta faneli kwenye kabati la chini. Nikakuta chupa ya jemu, imefungwa vizuri, na mwandiko wake: "Punje, 6 Machi. Zisitupwe."

Ile sehemu iliyokuwa chini ya kofia ni alikali! Ukiivua mbele ya asidi, inaing'ang'ania. Mwanafunzi yeyote anajua. Mimi nilizoea zile dawa nyingine zisizonata, nikaenda kwa mazoea. Mzee alichuja sawasawa. Dawa ilibaki kwenye punje.

Nimeziosha kwa amonia, dawa ikaachia. Gramu nane na ushee, nyeupe pe! Zile kumi na mbili zilikuwa na uzito wa kofia; bila kofia, hiyo ni karibu yote. Nimelia hadi miwani imeingia ukungu. Na si kwa furaha.

Jumatano, 27 Machi
Mkuu kafurahi, kanipa mkono. Nikamweleza yote. Mkono ukarudi mfukoni. Kasema nisifukue makaburi, nafasi ya Mzee ishapata mtu. Nilikuwa nimeandika maelezo mapya — kosa ni langu, fundi hana hatia. Kagoma kuyapokea.

Najuta. Najuta hata kwa ile sahihi yangu ya madaha.

Jumamosi, 30 Machi
Niko sebuleni kwa Mzee Chupa. Naandika huku nikimsubiri. Maelezo yangu yako kwenye bahasha, ndani ya mkoba. Sina kingine nilichomletea.

Mkewe kanikaribisha vizuri mno — laiti angenifukuza! Anasema tangu aache kazi mzee haongei, anaosha tu vyombo vilivyokwisha oshwa. "Lakini aliposikia sauti yako, mwanangu, kaamka kama kijana! Ngoja kidogo, anavaa."

Nilitaka kumwambia sikuja kumrudisha kazini. Keshaingia chumbani kumsaidia.

Mlango wa chumbani uko wazi kidogo. Namwona mgongo. Amevaa koti lake jeupe la maabara, limepigwa pasi, anafunga vifungo. Anamuuliza mkewe ile kalamu yake ya lebo iko wapi.