Regilateri Niliyoitoa Ikiwa Nzima

Mujomba,

Sasa hivi Zuena amechukua kipimo chako cha umeme mezani, akaweka sindano nyekundu kwenye goti langu, nyeusi kwenye goti lake, akakaza macho kwenye kioo kama ulivyokuwa unafanya wewe. Kilikuwa kimezimwa. Akaniambia, "Mama, wewe umekufa." Halafu akalibusu lile goti, ndiyo pole yake hiyo, akaenda kuwapima kuku.

Nimecheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kurudi. Ndiyo maana nimechukua kaye yako, lile daftari la kazi, nikaigeuza nyuma, kwenye kurasa nyeupe. Unajua mimi si mutu wa kuandika, shule niliiacha mwaka wa sita. Lakini kukaa tu nikiangalia barabara siwezi. Tangu asubuhi nimefagia kibanda mara tatu. Nimepanga funguo za nati kwa ukubwa, nikazipangua, nikazipanga tena. Ninamungoja Shabani, na Shabani haonekani.

Tangu tukuzike ziwa limepanda tena. Pale chini mulipokuwa munaoshea pikipiki ni maji matupu, ukuta wa yule jirani mushonaji umeanguka nusu. Esansi ya pikipiki imekuwa kitu cha kusikia tu kwa watu. Madereva wanapanga foleni siku mbili, wakipata lita chache wanafanya safari fupi, sokoni na hospitali, basi. Baba Zuena bado yuko Uvira anatafuta kazi, anapiga simu kila Ijumaa, anakuombea. Kiti chako sijakikalia. Zuena anakikalia, na kumukataza nimeshindwa.

Muke wako, Mama Saidi, hajabadilika kwangu. Uji wa mutoto bado unatoka jikoni kwake. Lakini kuna bwana mumoja anayeuza mafuta ya mawese anataka kibanda hiki aweke madumu yake, ameshakuja mara mbili kupima kwa hatua. Mama Saidi hakunificha. "Mwanangu, pikipiki zikiendelea kuja, kibanda ni chako. Zikiacha kuja nitamupa huyu bwana. Nitakula nini?" Sikumulaumu. Na pikipiki zilikuwa zinakuja, Mujomba, wallahi zilikuwa zinakuja.

Mpaka ilipokuja ya Shabani. Unamukumbuka, mukubwa wa madereva wa pikipiki kwenye parikingi ya sokoni, mwenye sauti ya kuuza ng'ombe. Akisema fundi ni fulani, wote wanamufuata. Alifika anaisukuma, jua kali, shati limelowa. "Mama Zuena, kila asubuhi bateri imekufa! Ninapiga kiki mpaka goti linalia. Honi nayo inalia kama mbuzi mwenye homa." Wenzake nyuma wanachochea: "Mutengenezee muzee, atachechemea kabla hajaona wajukuu!"

Mimi nikataka kuwaonyesha. Wewe ungeketi kwanza. Ungemupa maji, ungemuuliza pikipiki ililala wapi, nani aliigusa, imebeba nini, imevuka maji gani, mpaka mutu anachoka na maswali. Nilikuwa ninakucheka: "Mujomba, unatengeneza pikipiki ao unaposa?" Ukanijibu, "Sindano inapima waya. Mudomo unapima mwenye waya." Siku ile mudomo wangu haukuuliza kitu. Nilifungua kifuniko, nikaona fishi ya regilateri, pale waya zake zinapochomekwa, imekuwa kahawia pembeni kidogo, nikasema kwa nguvu wote wasikie: "Regilateri imeungua! Umeme wa injini unafika hapa, hauendi kwenye bateri." Nikaitoa bila kupima hata mara moja, nikafunga mahali pake ile ya akiba uliyoiacha kwenye kopo la maziwa. Nikaichaji bateri, pikipiki ikawaka. Wakapiga makofi. Nikatembea kama bibi harusi.

Siku ya tatu akairudisha, anaisukuma. Safari hii hakupiga kelele. "Fundi alikufa tukamuzika na ufundi wake. Wewe unajifunzia kwenye pikipiki yangu." Akanipa nafasi moja tu. Ikinishinda, parikingi yote inahamia kwa fundi wa upande wa Minago. Mama Saidi alikuwa anapita na ndoo, alisikia yote, akaangalia chini.

Basi nikafanya kwa njia yako. Nilimufunga Zuena mugongoni, nikafumba macho, nikafuata waya kwa vidole toka bateri mpaka injini, fishi moja moja, kama mutu anayesuka. Nikapima bateri ikiwa imepumzika: chini ya volti kumi na mbili. Nikawasha kwa kiki, nikaongeza mwendo, nikangoja. Namba ikapanda polepole mpaka kumi na nne na kidogo. Nzuri, bateri inajazwa. Nikachomoa fishi ya zile waya tatu za njano zinazotoka kwenye injini, nikazipima mbili mbili: zote sawa, hakuna inayobaki nyuma, hakuna inayogusa chuma. Nikazima, nikaweka ampuli, balbu ndogo, kati ya bateri na waya wake wa masi, ule unaoshika chuma, nione kama kuna umeme unaovuja pikipiki ikiwa imelala. Ampuli ikabaki giza. Mujomba, pikipiki haikuwa mugonjwa!

Nikaenda kuchukua ile regilateri ya zamani, niliyosema imeungua. Nikasafisha fishi kwa mswaki, nikaifunga, nikapima. Kumi na nne na kidogo. Ileile. Ilikuwa nzima tangu mwanzo, na mimi niliihukumu mbele ya watu kwa sababu ya rangi.

Nikaitoa tena haraka, nikarudisha ile nyingine, ya zamani nikaificha chini ya kitambaa cha grisi. Hilo sijamuambia mutu. Wewe ndiye wa kwanza.

Nilipotoa bateri ili niichaji, nikaona kwenye vichwa vyake alama za meno ya vibanio, mpya juu ya za zamani. Na chini, ndani ya kisanduku chake, ndagala mumoja, samaki mudogo wa ziwani. Mukavu, anang'aa. Nikamushika kwa vidole viwili. Bateri ya pikipiki na ndagala wapi na wapi?

Shabani alipokuja kuichukua nikamupa kiti na maji. "Kaka Shabani, hii bateri inalala wapi?"

Hakuona hata aibu. "Si ziwani? Shemeji yangu anavua ndagala, usiku anafunga taa zake za kuvulia kwayo, alfajiri ananirudishia. Mwaka wa pili sasa, na kabla ya siku hizi haijawahi kufa. Muchana pikipiki inaijaza. Kama sasa haijazi, si ndiyo nimekuletea?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Kumbe pikipiki ya muzee ni muvuvi!" "Ndiyo maana abiria wake wanashuka wananuka supu!"

Mimi sikucheka. Nilimuambia: kaka, zamani ulikuwa unatembea kutwa nzima, Minago na kurudi, Muhuta na kurudi. Sasa una esansi ya safari tatu fupi. Shemeji anachota ndoo, wewe unarudisha kikombe. Akanuna. "Pikipiki haijui kama esansi imekosekana." Nikamuambia bateri ilale kwenye pikipiki usiku tatu, shemeji atafute nyingine. Kama asubuhi ya tatu pikipiki haitawaka kwa kitufe, bila kiki, muende Minago wote na mimi nitawasindikiza. Akaapa mbele ya wenzake. Mama Saidi alikuwa mulangoni.

Leo ndiyo asubuhi ya tatu. Jua limeshafika kwenye paa la mushonaji. Pikipiki ngapi zimepita, kila moja ninasimama. Zuena amechoka na kuku, sasa anapima ukuta.

Na kama ikiwaka, Mujomba, bado sina amani. Watasema Mama Zuena hodari, amegundua. Na regilateri nzima iko chini ya kitambaa. Nikisema, Shabani atapata neno, na huyo ana sauti: "Aliniondolea kifaa kizima akanidanganya mbele ya watu." Labda wataondoka hata kama pikipiki inawaka. Labda bwana wa mawese ataleta madumu yake kesho. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nimegeuza hilo usiku tatu, ubavu huu na ubavu huu, mpaka mutoto ananipiga teke.

Lakini ninakumbuka yule dereva wa Bugarama. Ulimuambia statori yake, ile inayotoa umeme ndani ya injini, imekufa, akaondoka kwenda kuitafuta, na ulipoangalia tena ukakuta ni waya mumoja tu wa njano umekatika ndani ya mupira wake. Ukatoka mbio na kandambili moja. Watu wanauliza nani amekufa. Wewe unapiga kelele katikati ya barabara, "Nimekosea! Rudi! Nimekosea mimi!" Uliporudi unahema nikakuambia, Mujomba, umejiaibisha. Ukakaa, ukatafuta kandambili ya pili, ukasema, "Sasa angalau nitalala." Na ulilala kweli, pale pale kwenye kiti, mudomo wazi, nzi wanakutembelea.

Mimi usingizi huo ninautamani.

Na tena ninaogopa kitu kingine. Nikinyamaza leo, siku nyingine nikiona fishi ya kahawia nitasema tena "imeungua". Nitazoea. Nitakuwa fundi wa kupiga kelele, na Zuena atajifunza hivyo hivyo, maana huyu anaiga kila kitu.

Kwa hiyo lala, Mujomba. Mungu akutilie nuru hapo ulipo, na mvua za huku zikupitie mbali. Siwezi kukuahidi kwamba kibanda kitabaki, hilo si langu. Ninakuahidi hili: iwake isiwake, leo nitamuambia Shabani mbele ya wote kwamba yake ilikuwa nzima, na nitaifunga tena kwa mukono wangu wakiangalia, na nitawaonyesha namba. Na kabla ya kufungua kifuniko chochote nitakaa na mutu, nimuulize, hata wakinicheka. Kiti chako pia nitakikalia. Si leo. Polepole.

Ngoja. Honi.

Imelia moja, ndefu, kuku wote wamekimbia. Zuena anapiga makofi. Shabani anaita toka barabarani, sauti ileile ya kuuza ng'ombe, "Mama Zuena, toka uone! Kitufe, mara moja tu!" Na hayuko peke yake, wako wengi nyuma yake, na Mama Saidi ametoka na mwiko mukononi. Nimeshatoa regilateri chini ya kitambaa, ninaishika kwa mukono wa kushoto, kaye imekosa wa kuibana, ndiyo maana herufi zinapinda. Ananiita tena. Ninakuja, kaka! Mujomba, ninakwenda, nitaanza kwa kumuambia kwamba hii…