Kila Ijumaa Nasema Kijani

Shangazi Noreen mpendwa, nakuomba unisikilize na unipe ushauri kabla Alhamisi haijafika, maana wiki hizi chakula hakipiti kooni na mama yangu ameanza kuniuliza kama nina mimba. Sina mimba. Ningekuwa nayo ningemwambia, hili ndilo nisiloweza kumwambia.

Mimi ni msichana wa hapa hapa mjini Accrington, ni mwanagenzi wa shahada mwaka wa tatu, yaani siku nne niko kazini kwenye kampuni ya ukarabati wa majengo na Jumanne niko chuo kikuu nasomea usimamizi wa miradi, karo inalipwa bila mimi kukopa na mshahara naupata, na mwaka kesho nikifaulu nitakuwa na shahada na kazi kwa mpigo mmoja. Ubaya wake ni kwamba vyote viwili vimefungwa kwa kamba moja, ukifukuzwa kazi na chuo umekiaga, na mama ameshawatangazia watu wa mtaa mzima, hata muuza samaki wa sokoni, kwamba binti yake ndiye wa kwanza katika ukoo kusoma chuo kikuu, kwa hiyo nikianguka nitaanguka mbele ya wauza samaki.

Ofisini kwetu kila Ijumaa asubuhi tunakaa kwenye meza ndefu na kila mtu anataja rangi ya mradi wake, kijani ni shwari, njano ni tahadhari, nyekundu ni matatizo. Bosi wetu, Glynn, alianzisha desturi kwamba mwenye nyekundu lazima aje na keki za watu wote, na mwanzoni ilikuwa mzaha mzuri, mtu akiingia na boksi anapigiwa makofi kabla hajasema neno. Siku hizi si mzaha tena. Glynn anajigamba kwa wateja kwamba ofisi yake haijaonja keki tangu Pasaka, na yule aliyeleta mara ya mwisho, Philip, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka leo anaitwa Mwokaji, kila asubuhi akivua koti lazima mmoja amuulize, "Mwokaji, leo umetuokea nini?"

Sasa kiangazi hiki Glynn akanikabidhi mradi wangu wa kwanza, kubadilisha dari na taa za shule moja ya watoto wadogo wakati wa likizo ili wakirudi Septemba wakute kila kitu kipya. Akaniambia, "Binti, huu ni wako. Ukikwama piga kelele." Alisema hivyo huku ameweka simu sikioni, lakini sitaki kumsingizia, Glynn si mtu mbaya, siku yangu ya kwanza ya chuo alinipeleka kwa gari lake na akasimama getini mpaka niingie ndani, maana alijua nilitaka kurudi nyumbani.

Jengo lenyewe ni la zamani, na majengo ya umri ule huruhusiwi kugusa dari kabla mpimaji hajaangalia kama kuna asbesto, ile yenye vumbi linaloua mapafu. Mpimaji alikuja, akapita madarasa yote, akayakuta salama, ila chumba cha kutundikia makoti kilikuwa kimefungwa kwa sababu mtunza shule alikuwa likizo kisiwani Tenerife na ufunguo wake mfukoni, kwa hiyo chumba kile hakikupimwa na mimi ndiye niliyetakiwa kumwita mpimaji arudi. Wiki ile nilikuwa na mtihani. Nikasahau, Shangazi, sikupuuza, nilisahau kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye basi.

Nilikumbuka Ijumaa mezani, zamu yangu imefika. Glynn akauliza, "Shule?" na mimi mikono yangu ilikuwa mitupu, sikuwa na keki, na utaniona mjinga lakini ndivyo ilivyokuwa, nilifikiri nitasemaje nyekundu bila boksi, nikasema, "Kijani." Philip akanong'ona, "Afadhali, daktari amenikataza sukari," watu wakacheka na mimi nikacheka nao. Ijumaa iliyofuata nikasema kijani tena, kwa sababu ningesema nyekundu wangeuliza imekuwa nyekundu tangu lini. Na jana nimesema kijani mara ya tatu, na Glynn akanipiga begani akasema, "Mnamwona huyu? Mwanagenzi, na mradi wake haujawahi hata kugeuka njano. Nyie wazee jifunzeni."

Nimempigia mpimaji kimyakimya, anasema hana nafasi mpaka Jumatano, mafundi wanaanza kubomoa dari ya chumba cha makoti Jumatatu, na nimejiambia kwamba kama madarasa yote yalikuwa safi basi na chumba kile kitakuwa safi, kwani si kilijengwa na watu wale wale, lakini hilo silo linaloniua, linaloniua ni Alhamisi.

Jumanne darasani mhadhiri wetu, mama mmoja aitwaye Dokta Mirza, alituuliza mradi huanza kufa lini. Mmoja akasema pesa zikiisha, mwingine akasema mvua ikianza, na mimi sijui shetani gani alinipanda, nikanyoosha mkono nikasema kuna dada mmoja kazini kwetu anasema kijani huku akijua si kijani, kwa kuwaogopa tu watu wa mezani. Sikutaja shule wala dari, nilisema hivyo tu. Kipindi kilipoisha Dokta akaniita pembeni.

"Huyo dada," akasema, "mnakaa karibu?"

"Karibu kiasi."

"Anakula vizuri?"

"Hapana, Dokta."

"Basi mwambie nimemsikia. Na Alhamisi nikija kazini kwenu, ningependa tumzungumzie, wewe, mimi na meneja wako."

Alhamisi ndiyo siku ya kikao cha watatu, kila muhula mhadhiri anakuja kazini tunakaa yeye na bosi na mwanafunzi katikati, wanaulizana ninaendeleaje, chai na biskuti, na Glynn amejiandaa kunisifu. Nawaona wote wawili wamenigeukia. Nasikia Glynn akiuliza, "Dada gani huyo?" Usiku naisikia sauti hiyo hata nikiwa napiga mswaki. Nimefikiria kujifanya mgonjwa siku hiyo. Nimefikiria kumwandikia Dokta nimwombe aliache jambo hili. Nimefikiria hata kuacha mwenyewe kabla sijaachishwa, nirudi kwenye duka la viatu nilikokuwa nikifanya kazi Jumamosi nikiwa shule. Niambie, Shangazi, nimwombe Dokta anyamaze, au niumwe? Nimekuachia namba yangu ya simu, ila jina tafadhali usilitaje.

Mwenye hofu,
Accrington

* * *

Mwanangu,

Barua yako imenifikia Jumamosi asubuhi, na jibu hili nakutumia sasa hivi kwa namba uliyoniachia. Wasomaji wenzako watalikuta gazetini siku yake. Wao wanaweza kusubiri, wewe huwezi.

Nimekusoma nikakuhurumia. Nikaenda kuchemsha maji ya chai, nikarudi kukusoma mara ya pili, nikakasirika. Umeniandikia habari ya Alhamisi kuanzia juu mpaka chini, na Jumatatu umeipenyeza katikati ya sentensi, kati ya mpimaji na Dokta, ukitumaini nitaipita. Sikuipita.

Alhamisi ni nini? Ni watu wawili wanaotaka ufaulu, wamekaa na biskuti. Utaona haya, uso utakuwa mwekundu, basi. Jumatatu ni wanaume wenye nyundo wanaingia chumba ambacho wewe, katika kampuni nzima, ndiye pekee unayejua kwamba hakijapimwa. Wataingia bila wasiwasi kwa sababu umesema kijani, tena mara tatu. Hofu unayo, na ni haki yako kuwa nayo, ila umeielekeza kwenye mlango usio wake.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukiandika kwenye safu hii. Baba yangu alikuwa fundi wa mabomba viwandani. Vumbi la asbesto halinuki wala haliwashi macho, alirudi nalo nyumbani kwenye ovaroli kila siku, na mama aliikung'uta mlangoni kabla ya kuifua, huku akiimba. Baba alizeeka vizuri tu. Aliyekohoa mpaka kufa ni mama, ambaye hakuwahi kushika nyundo maishani mwake. Sasa mimi nawaza chumba chako na vitu vinavyotundikwa humo. Watoto watayavaa makoti yale na kurudi nayo kwa mama zao.

Unasema labda kiko safi. Labda kweli. Kipimo kiliwekwa kwa ajili ya hiyo labda, na sidhani kama Dokta Mirza amewahi kukufundisha kwamba chumba kinapimwa kwa kupima jirani yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walimsema anayeficha ya kwake. Wewe unaficha ya mafundi na ya watoto.

Na hizo keki. Nimecheka, sikatai, kisha nikaona haya kwamba nimecheka. Watu wazima wenye wajukuu wanaogopa kusema ukweli kwa sababu hawajapita kwa mwokaji. Glynn alitaka kuchangamsha ofisi, akaishia kuwafundisha watu uongo kwa upole. Hilo ni kosa lake na ataambiwa. Ila yeye hakujua kuhusu chumba kile, na wewe ulijua, kwa hiyo usijifiche nyuma ya keki.

Sasa fanya hivi. Funga ujumbe huu umpigie Glynn. Leo, kabla ya chakula cha mchana. Usimwandikie ujumbe, utaanza kuupamba. Mwambie, "Glynn, chumba cha makoti hakijapimwa. Nilijua, na nikasema kijani. Jumatatu mtu asiingie." Ukishasema hayo nyamaza. Usimweleze habari ya mtihani, wala Tenerife, wala mwavuli wako. Atafoka, mwache afoke, amesifia mradi wako mbele ya watu jana tu. Asipopokea, mpigie msimamizi wa mafundi. Naye asipopokea, mtunza shule bila shaka ameshatoka kuota jua, nenda umgongee mlango kesho, chumba kile kifungwe, na Jumatatu asubuhi uwe pale shuleni, usitoke mpaka mwenye mamlaka amekusikia kwa masikio yake.

Ukimaliza kumpigia Glynn, mwambie mama yako. Maskini, anadhani ana mjukuu njiani.

Unaniuliza utafukuzwa? Hukuniuliza hivyo, lakini ndicho ulichouliza. Sijui, mwanangu. Inawezekana, na sitakudanganya, wiki hizi umesikia uongo wa kutosha kutoka kwako mwenyewe. Ila mtu aliyesimama getini mpaka ukaingia darasani, namwona akikunyang'anya mradi, namwona akikununia mwezi mzima, simwoni akikutupa kwa kumwambia ukweli Jumamosi. Akiusikia Jumatatu jioni kwa mdomo wa fundi aliyejaa vumbi, hapo usiniandikie tena, sitakuwa na la kukwambia. Na duka la viatu liache. Hata huko kuna siku utakosea, na itabidi umwambie mtu.

Dokta Mirza usimwombe anyamaze wala usiugue. Mwanamke anayekuuliza kama unakula hajaja kukumaliza. Alhamisi mtangulie, kabla hajafungua mdomo sema, "Yule dada ni mimi." Kisha mgeukie bosi wako, kwa adabu, mwambie kwa nini. Ile ndiyo kazi unayoisomea. Rangi na chati ni mapambo, kazi yenyewe ni kumwambia mwenye mradi kwamba kuna tatizo wakati bado linatibika, na kuendelea kusimama pale akikukaripia. Utatetemeka. Sema huku unatetemeka, hakuna aliyekukataza.

Halafu Ijumaa amka mapema upite kwa mwokaji. Chukua keki za Eccles, zile za zabibu kavu, za siagi halisi, usilete zile za duka kubwa. Ingia na boksi limetangulia mbele, wote walione, na zamu yako ikifika sema nyekundu. Watakupigia makofi na watakupa jina, na wewe utaliitikia. Ukianza kugawa, anza na Philip. Sukari amekatazwa, najua, mpe hata nusu, amelibeba jina lile peke yake tangu Pasaka.

Shangazi Noreen