Maneno Uchi Kwenye Waya

Alhamisi, 8 Machi 2001

Khairiya kanitukana leo mbele ya wateja. Mimi! Kasimama mlangoni na buibui lake, hakukaa, hakusalimu. "Umezisoma barua zangu, Najat. Umezisoma na ukenda kuzisema." Nikadhani anatania. Hatanii.

Mumewe, Shaib, alikimbia Pemba zile siku za Januari, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, sasa yuko Mombasa. Khairiya mwenyewe anakaa Makorora hapa Tanga kwa wifi yake, na kila akipata nafasi huja hapa dukani kwetu kumwandikia kwa kompyuta, barua za intaneti. Mimi humfungulia mashine kisha nampisha. Jana wamemjia watu wawili nyumbani, kumuulizia mumewe. Wastaarabu, hata chai wamekunywa. Wakati wa kuaga mmoja akamuuliza: je, lile jino la mumeo limetulia?

Jino! Hakumwambia mtu, hata wifi yake. Aliliandika tu, hapa, kwenye kompyuta ya dirishani.

Nimemwapia. Hakuniamini. Kaondoka, na wateja waliosikia nao wakaondoka mmoja mmoja.

Ijumaa, 9 Machi

Mjomba Uweso, mwenye duka, alipokwenda msikitini nimefunga mlango nikajaribu kitu. Nimekaa dirishani nikaandika upuuzi: Najat anapenda ubuyu. Nikahamia kompyuta ya kona, nikawasha ile programu tuliyofundishwa kwenye kozi Dar, ya kuangalia kinachopita kwenye waya.

Hii hapa. Najat anapenda ubuyu. Herufi kwa herufi! Na juu yake neno langu la siri, liko wazi kama nguo kwenye kamba.

Basi mtu yeyote aliyekaa kona ile na kujua anachofanya amezisoma barua zote. Za Khairiya, za yule mwalimu mgonjwa, za wachumba. Zote! Na mimi ndiye ninayewaambia wateja, usimwonyeshe mtu neno lako la siri.



Jumapili, 11 Machi

Nimeitafuta CD aliyoniachia Abrahamu tulipomaliza kozi. Abrahamu ni Mbondei wa Muheza, sasa ana duka kama letu huko Mombasa — na bahati ilivyo, Shaib huandikia kwake. CD imejaa programu za bure. Mojawapo ni maktaba. Si ya vitabu: ni fungu la maagizo ambalo programu nyingine huliazima ili zifunge maneno yasisomeke njiani.

Bure kabisa. Na si bure tu, imeachwa wazi, unaifungua unaona kila mstari ulivyoandikwa. Majina ya walioiandika yamo. Watu wa nchi za mbali, sijui hata mmoja. Wametengeneza kufuli, wakatoa na mchoro wake dunia nzima ione, na bado halifunguki bila ufunguo. Nimesoma majina yale yote. Sijui kwa nini yamenitia machozi.

Jumanne, 13 Machi

Haikubali! Inalalamika kitu fulani hakipo. Nikakipata, ikalalamikia kingine. Nimeandika swali kwa hao hao wanaoitengeneza, kwa Kiingereza changu cha kuunga. Mmoja kajibu kwa ukali, soma maelezo kwanza. Mwingine kanieleza hatua kwa hatua, kwa upole, mwishoni kauliza Tanga iko wapi.

Mjomba kauliza mbona naonekana mchovu. Nimesema kazi. Kaniletea maandazi.

Jumatano, 14 Machi

Imekubali!!

Nimeandika dirishani, nikaangalia kona: takataka tupu. Alama, namba, mikwaruzo. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Abrahamu naye kaweka hiyo hiyo kwake. Yeye anafunga kule, mimi nafungua huku. Ufunguo uko kwenye diski moja ndogo nyeusi, na hata diski haitoshi bila neno ninalolijua mimi. Nakala sikutoa, makusudi. Kitu kikiwa kimoja najua kiko wapi.

Ijumaa, 16 Machi

Nilimfuata Khairiya mwenyewe, nikamleta dukani nikamwonyesha. Kaikodolea macho ile mikwaruzo. "Hii ndo barua yangu mie?"

"Ndiyo hiyo, ikiwa njiani."

"Hata Kiarabu si." Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akanishika mkono. "Nisamehe, dada. Nilikudhania."

Jioni kaniletea mkate wa kumimina. Wote nimeula.

Jumatatu, 19 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Mjomba kaniuliza asubuhi, kuna kitu umebadilisha kwenye mashine? Nikafurahi! Nikaanza kumweleza yote, waya, kufuli, jinsi tulivyokuwa tukivuja. Nilidhani ataniambia mashallah. Kaenda kurudisha mlango. Kisha akauliza, "Nani alikutuma?"

Si nani alikufundisha. Nani alikutuma.

Ndipo nikaelewa. Na yeye kaona kwamba nimeelewa. Hakukana.

Walimjia Februari, anasema. Bwana mmoja wa shati la drafti, hasemi anatoka wapi. Anataka tu kukaa kwenye kompyuta ya kona kila baada ya siku chache, na duka halitasumbuliwa, leseni haitachelewa. "Mimi nilidhani wanatafuta wahalifu, Najat."

"Khairiya mhalifu?"

"Sijui barua ya nani ni ya nani! Sikusoma hata moja."

Nikamwambia, ulimpa kiti, Mjomba. Ndipo akapandisha sauti. Serikali ilipouza mashirika yake aliachishwa kazi kiwandani, na kiinua mgongo chake chote kiko humu ndani, kwenye mashine hizi. "Unadhani unakula nini? Unavaa nini?"

Ndiye aliyenichukua kijijini Kigombe mama alipofariki, akanileta mjini, akanisomesha. Mtu huyo huyo. Tumekula chakula cha usiku bila kuangaliana.

Jumanne, 20 Machi

Nimekwenda Makorora kumwambia Khairiya asije tena dukani. Hayupo, kaenda Muheza kufuata machungwa ya kuuza, atarudi Alhamisi. Barazani alikaa mtu nisiyemjua, anasoma gazeti la juzi. Nilimwambia wifi yake nitarudi tu. Sikuthubutu kusema zaidi.

Alhamisi, 22 Machi

Naandikia stoo, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Nimewaambia natafuta karatasi za printa.

Abrahamu kapiga simu asubuhi. Kasema maneno machache tu: barua ya yule mama isikae, aisome leo leo, jamaa kashaondoka. Kakata. Mjomba alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye meza ya simu.

Kwa hiyo Shaib anakuja. Wapi, lini, kwa njia ipi — yamo humo kwenye barua, na mimi sijaifungua. Hainihusu kuifungua.

Kabla ya adhuhuri bwana wa shati la drafti kaingia. Kijana tu! Kanipa shikamoo, eti. Kakaa, si kwenye kona — mbele ya seva kabisa, ile mashine kuu inayopokea barua zote. Anataka nifungue barua iliyoingia leo. Nikasema siwezi. Kamgeukia Mjomba, hakunigeukia mimi: "Mzee, zungumza na binti yako."

Mjomba kazungumza. Kwa upole, jambo baya zaidi. Sema neno hilo, mwanangu, mambo yaishe, huyo bwana hana nia mbaya, wanataka kumhoji tu. Jasho linamtiririka shingoni. Anaogopa. Sijawahi kumwona akiogopa. Nikataka kumwonea huruma na nikashindwa, kisha nikamwonea.

Umeme ukakatika. Tumekaa tukingoja, watu watatu kwenye joto, hakuna feni. Ndipo nikasema naenda kutafuta karatasi.

Diski ninayo mkononi. Nikitoka nayo, wataichukua, na neno nitalisema — najijua, Mjomba akilia nitalisema. Nikiivunja, hakuna atakayesoma. Hata Khairiya. Hatajua mumewe anashukia wapi, na hao wanaweza kuwa huko kabla yake kwa bahati yao tu. Au wasiwe.

Umeme umerudi. Nasikia mashine zinaamka moja moja. Mjomba anaita, Najat!

Nimeivunja. Imelia kidogo sana. Ile duara laini ya ndani nimeikata kwa mkasi, vipande nimevitia mfukoni.

Mjomba anaita tena. Hapana — hajaniita mimi. Anamkaribisha mtu. "Pita mama, pita ukae, Najat yuko ndani anakuja."

Na sauti ya Khairiya, anahema, lazima katoka stendi moja kwa moja na machungwa yake:

"Barua yangu ipo?"