Mpaka Unaishia Kijitoni

Cañada Honda, Kalifornia
Machi 11, 1855

Kwa dada yangu mpendwa Encarnación,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Hujambo wewe, na shemeji Evaristo, na yule mtoto aliyekuwa akisumbuliwa na kifua? Huku miguu ya Mama imevimba kwa baridi, lakini anatembea, na bado anawafokea kuku kama watu wazima. Baba ni mzima. Naanza na hilo ili usome haya mengine bila moyo kwenda mbio.

Umeuliza kama ni kweli tumepoteza nusu ya ardhi. Ni kweli. Kila kitu ng'ambo ya kijito, mpaka mgongoni mwa mlima, si chetu tena. Najua huko Mazatlán watu wanasema mengi, kwa hiyo nakueleza mimi mwenyewe.

Ulipoolewa ukaondoka, ng'ambo ile kulikuwa na ng'ombe wetu tu. Sasa kuna vibanda kumi na vinne vya Wamarekani. Mkubwa wao anaitwa Ephraim Stoddert, mtu wa Missouri, ndevu nyekundu, sauti ya upole. Alikuja na mkewe na gari la maksai, na njiani walimzika binti yao. Wao wanasema vita vilikwisha wao wakashinda, nchi ni ya serikali yao, na ardhi isiyo na ua haina mwenyewe. Baba anasema karatasi yake ina sahihi ya gavana wetu wa kabla ya vita. Ndiyo sababu kesi ikaenda mbele ya tume ya ardhi ya serikali hiyo kule San Francisco, kama kesi za wenzetu wote.

Kabla ya hapo Baba aliwaendea mara moja, mimi nikiwa mkalimani wake. Alibaki juu ya farasi akaniambia, "Mwambie huyu kwamba shimo analochimba ni kaburi lake." Nikamwambia Stoddert kwamba Baba anaomba wasiongeze mashamba. Stoddert akacheka, akajibu, "Mwambie mzee azunguke akojoe mpakani kwake kama mbwa, labda tutauona." Nikamwambia Baba kwamba wanasubiri uamuzi wa tume. Tukaagana kwa kuinua kofia. Hivyo ndivyo nilivyoishi mwaka mzima, dada, katikati ya watu wawili wanaotukanana, nikiyapunguza makali kila upande.

Halafu wakamuua Don Secundino. Unamkumbuka, jirani yetu wa kusini, yule aliyekufundisha kucheza dansi harusini kwa binamu Rufina. Alishinda kesi yake, ardhi yote, hadi hatua ya mwisho. Wiki moja baadaye wakamkuta langoni kwa zizi lake, risasi mbili mgongoni. Hakuna aliyekamatwa. Mjane wake aliuza kwa bei ya kutupa akaenda Los Angeles.

Mwezi huo huo Stoddert alikuja dukani San Juan, ninakofanya kazi ya ukarani. Ilikuwa mchana, duka limejaa watu. Alinunua misumari, akaegemea meza, akaniambia taratibu, "Nicanor, wewe ni kijana muungwana, na mama yako ni mama mwema. Mimi nataka kijito na shamba langu tu. Lakini mzee wako akipewa mpaka mlimani, hawa wenzangu sitaweza kuwashika. Mimi ni mtu mmoja." Nikamuuliza kama hicho ni kitisho. Akasema hapana, ni habari tu. Akachukua misumari yake akaenda.

Sikumwambia Baba. Ningemwambia, angetandika farasi siku ile ile.

Mwezi wa tisa tukaenda San Francisco, Baba, mimi, na mzee Tiburcio, mchunga ng'ombe wetu, ambaye watu wake waliishi hapa kabla yetu sote. Ramani yetu, unaijua, ni kilima kimoja, miti mitatu na mstari wa wino usioeleza kitu. Kwa hiyo kesi yote ilimtegemea Tiburcio, kwa kuwa ndiye aliyevuta kamba ya kupimia siku Baba alipokabidhiwa ardhi, na wengine wote wamekufa. Mkalimani wa pale alikuwa na homa tangu mwezi uliotangulia, na wakili wetu alikuwa ameniambia nijiandae. Mawakili wa pande zote mbili wakakubali nitafsiri mimi. Nani angedhani mtoto atasema neno la kuidhuru nyumba yake? Tiburcio akaeleza vizuri, kofia mkononi. Nikatafsiri. Karani wa tume akaandika. Tukarudi nyumbani Baba akiimba.

Uamuzi ulifika wiki tatu zilizopita: ardhi ni yetu kutoka barabarani hadi kijitoni, basi. Wakili alisema rufaa haina maana, kwa sababu shahidi wetu mwenyewe ndiye aliyeuweka mpaka hapo. Baba hakuelewa. Alisema Tiburcio amezeeka, kisha akasema wamehongwa, kisha akashinda siku mbili akiitazama ile ramani. Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, alivaa koti lake la harusi, akaweka bastola kiunoni, akatandika farasi. Mama alimshika mguu. Alimwambia, "Niache, mwanamke. Nimeshaporwa, sitaki na kuchekwa."

Nikashika hatamu. Na sasa, dada, nakuandikia nilichomwambia pale.

Nilimwambia kwamba Tiburcio hakukosea. Tiburcio alisema kamba ilifika mgongoni mwa mlima, na kwamba Baba aling'oa nyasi pale akazirusha pande nne, kama afanyavyo mtu anayekabidhiwa ardhi. Mimi ndiye niliyesema kijitoni. Nililisema neno hilo kwa sauti wazi mbele ya watu wote, na nililiwaza kwa mwezi mzima kabla ya kulisema. Sikuhongwa. Mawazoni nilimwona yeye, Baba, amelala langoni kwa zizi kama Don Secundino, na Mama akiwa peke yake.

Baba alishuka kwenye farasi. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Aliniuliza nililisemaje kwa Kiingereza. Nikamwambia. Akataka nirudie. Nikarudia, naye akajaribu kulitamka mwenyewe, mara mbili, vibaya. Kisha akaanza kufungua tandiko.

Tiburcio alijua tangu siku ile ya tume. Miaka ya kuuza ngozi kwenye meli ilimfunza Kiingereza kidogo. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu. Alisema, "Nilikuwa hapa gavana alipompa baba yako ardhi hii. Hata mimi hakuna aliyenitafsiria siku ile."

Hakuna aliyekufa. Stoddert sasa hunipungia mkono barabarani, na huo mkono unaniumiza kuliko risasi. Mkewe alileta bakuli la siagi. Mama aliipokea, akaosha bakuli, akalirudisha tupu. Hujawahi kuona Mama akirudisha bakuli tupu. Sijui kama nimewaokoa au nimewauza. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hakika ya moja, na kufika adhuhuri nina hakika ya lingine. Niambie wewe, na usinipunguzie makali.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Mama anasema umfunge mtoto kifuani kitambaa chenye mafuta ya kondoo. Tiburcio anakusalimu.

Baba naye anakusalimu. Tangu siku ile alipofungua tandiko hakuwa amenisemesha, mpaka leo aliponiona na kalamu. Alisimama nyuma yangu akasema, "Mwandikie binti yangu kwamba mpaka wetu ni mgongoni mwa mlima. Andika hivyo hivyo nilivyosema."

Nimeandika.

Ndugu yako,
Nicanor Arrellanes