Wakwe Zako Wako Kwenye Lori

Teddy mwanangu, ukirudi kusuka ukakuta nyumba tupu usianze kulia, wakwe zako hawajakukataa. Lori la baba yako, ambalo injini yake imetoka kufungwa upya, limegoma kuwaka. Fundi akasema mipira ya dizeli imeingia upepo. Kuja kuutoa, betri nayo imeisha. Basi wageni wakavua makoti wakasukuma mpaka likawaka. Sasa fundi anaogopa kulizima kabla betri haijajaa, tumepanda wote, tunalizungusha hadi Ngara mjini. Mshenga yuko nyuma anaimba.

~~Kula wali.~~ Wali usiuguse, posa inaendelea tukirudi.

Baba mkwe kajaa masizi hadi menoni, mchemshie maji. Mtu aliyesukuma lori la wenyewe kabla ya kunywa chai hawezi tena kukataa undugu.

Mama yako