Kwa Papa Barnabé, Aliyelima Lulu Ziwani

Kalemie, Zaïre, 1983

Mwaka mmoja umezunguka, Papa Barnabé, tangu homa ya siku chache ilipokunyakua, na nyumba yetu bado haijazoea kimya chako.

Ulikuwa mtu wa utani na mkono wazi. Jirani akikosa chakula, sahani yako ilivuka ua kabla hajaomba. Wavuvi walikucheka ulipoacha nyavu ukaanza kulima lulu, kazi uliyofundishwa na fundi Mfaransa aliyekuja Kabimba kutengeneza mashine za kiwanda. Zamani alikuwa akikuza lulu nyeusi kwenye maji ya visiwa vya mbali. Wewe ukawachukua kome wa ziwa letu. Kila mmoja ulimfungua mdomo upana wa ukucha, ukamtia punje ya ganda ili lulu ijijenge juu yake, ukamning'iniza kwa kamba ghubani. "Miaka miwili," ulisema. "Mvumilivu hula mbivu." Kila asubuhi uliwasalimu: "Mulilala muzuri, ba mama?" Mkeo, Mama Bibiane, alinuna kwamba hao wanasalimiwa kabla yake.

Kome hao lazima wasuguliwe. Mvua ikishusha tope, wasiposafishwa hukosa pumzi wakafa. Nawe ulituacha katikati ya mvua, miaka yako miwili ikiwa nusu.

Katika ukoo wetu mjane hagusi ziwa mpaka matanga yaondolewe. Mama Bibiane alikaa mkekani, kichwa kimenyolewa, akisikiliza mvua ikipiga bati. Alijua kamba zinashika tope, na hakuna mwingine uliyemfundisha kuzisafisha. Jasho lako lilikuwa linakufa kule, naye ameketi. Alipoinuka, dada yako Anne-Marie akasimama mlangoni.

"Ukigusa maji mbele ya kuondoa matanga, watu watasema wewe njo ulimuua kaka yangu. Na mie nitawaitikia."

Mama Bibiane aliogopa kufukuzwa pamoja na watoto wake. Aliogopa zaidi kukupoteza mara ya pili. Hakurudi kuketi.

Ndipo mama yako, Mama Louise, alipojikokota kutoka pembeni. "Muntu huyu, mimi njo nilimuzaa. Kama kuko laana, ianzie kwangu."

Akamshika mkwewe mkono, akatangulia majini na nguo zake za kilio. Anne-Marie akawafuata akilia, tusijue kama anakwenda kuwazuia. Alisimama ukingoni akimtazama mama yake akisugua kome. Kisha akaingia, akashika kamba.

Wengi walikuwa wamekwisha kufa, Papa, hatukufichi. Waliobaki tumewasugua mwaka mzima, huku watu wakimtukana Mama Bibiane kwa kuvunja mwiko.

Leo miaka miwili uliyoitaja imetimia, na baada ya misa ya kukukumbuka tulishuka ziwani. Kisu chako kilikuwa mkononi mwa Mama Bibiane. Je, kama hakuna kitu? Kama matusi yote aliyoyameza yalikuwa ya bure? Anne-Marie akamshikia kome.

"Fungua, wifi. Mie niko hapa."

Lulu ipo! Si nyeusi kama ulivyoiota. Ni ya rangi ya moshi, na imepinda kidogo. Mama Louise ameifumbata kiganjani, hataki kumpa mtu.

Tunaokukumbuka ni mama yako Louise, mkeo Bibiane, dada yako Anne-Marie, wanao Emile na Christiane, na ukoo mzima.

Uko nasi siku zote. Pumzika, Papa Barnabé. Kamba zako ni safi.